Bi Klachi na Magari Mawili ya Milango Miwili

Siku Bi Klachi alipotangaza kwamba anataka kununua gari la milango miwili, mdogo wake alicheka mpaka akashika ukuta. Walikuwa jikoni wakiosha vyombo baada ya chakula cha mchana, na sahani moja nusura imponyoke.

"Dada," akasema alipopata pumzi, "gari la milango miwili? Yale ya vijana, yanayonguruma kama yana kifaduro?"

"Hayohayo."

"Na watu watakaa wapi?"

"Watu gani?"

"Watu! Sisi. Watoto. Wageni."

"Watakaa kwao," Bi Klachi akasema, akaendelea kusuuza vikombe.

Mdogo wake, ambaye alikuwa mkunga katika zahanati ya upande wa pili wa mji, aliijua sauti ile tangu utotoni. Dada yake akiongea polepole namna hiyo, huwa ameshaamua, na kubishana naye ni kutwanga maji. Akafuta mikono kwenye kanga, akaguna, akasema tu, "Haya. Ng'ombe hazeeki maini."

Jina la Bi Klachi hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wanafunzi wa udereva, vizazi kwa vizazi, kwa sababu ya neno lililomtoka kinywani zaidi ya salamu: "Klachi! Klachi kwanza, mwanangu, gia haiingii kwa ngumi!" Kwa miaka zaidi ya thelathini alikaa kiti cha kushoto katika vigari vidogo vya shule ya udereva, vile vyenye kibao juu ya paa. Chini ya miguu yake kulikuwa na klachi yake na breki yake, za akiba. Usukani hakuwa nao. Alikuwa dereva wa miguu tu. Mikono yake ilikaa mapajani kama ya mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Na mwendo wenyewe ulikuwa wa kusindikiza jeneza. Malori yaliwapigia honi, pikipiki ziliwapita kushoto na kulia, wapita njia waliwacheka, naye akawa anarudia bila kuchoka: "Waache. Wana haraka ya kwenda kungoja."

Kwa hiyo watu walidhani Bi Klachi ameendesha gari maisha yake yote. Ukweli ni kwamba alikuwa hajaendesha. Asubuhi alilitoa gari la shule uani, akalifikisha mlangoni pa ofisi, kisha akahamia kiti cha pili kumpisha mwanafunzi. Nyumbani hawakuwa na gari. Mumewe alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele ndicho kilichokuwa duka lake. Walikuwa na pacha wawili wa kusomesha, na pacha, kama alivyopenda kusema yeye mwenyewe, hula kwa zamu lakini ada hudaiwa kwa pamoja. Sasa pacha walikuwa watu wazima wenye maisha yao, na Bi Klachi amestaafu. Mafao yalipotoka, wakabadilisha bati la nyumba. Kilichobaki mumewe alikisogeza upande wa mkewe mezani, akasema, "Hiki chako, Mama Pacha. Usiniulize."

Lakini mumewe mwenyewe aliuliza. Alikuwa anapiga pasi suruali ya mteja, mkewe amekaa kwenye kigoda karibu na mlango.

"Kwa nini milango miwili?"

Bi Klachi alifikiri kidogo. "Baba Pacha, nataka gari ambalo halikutengenezwa kwa ajili ya kufundishia, wala kubebea mizigo, wala kutumwa. La kuendesha tu. Nikanyage, liende."

Mumewe aligeuza suruali upande wa pili. "Basi tukaliangalie," akasema.

Mtu wa kwenda kumwona alijulikana: Chumvi. Huyu alikuwa na yadi ya magari yaliyotumika, nyuma ya kituo cha mafuta, na aliitwa hivyo kwa sababu hakuna habari aliyowahi kuisimulia bila kuikoleza. Zamani alikuwa mwanafunzi wa Bi Klachi, na mwanafunzi wa shida. Kurudi nyuma kulimtoa jasho. Nguzo za mtihani aliziangusha zote, pamoja na moja ambayo haikuwa ya mtihani.

"Mwalimu!" akapiga kelele alipomwona anaingia getini. "Kwako siwezi kuongeza neno. Nikikudanganya, mguu utanifia ganzi kwenye breki."

Akawapeleka mwisho wa yadi, chini ya kibanda cha bati, ambako magari mawili yalikaa ubavu kwa ubavu.

La kwanza lilikuwa la kijani cha chupa, lenye pua ndefu na taa mbili za mviringo zilizomtazama mtu kama mtoto aliyeamshwa. Bampa zake zilikuwa za chuma kinachong'aa, zimeingia kutu kidogo pembeni. Ndani, kila kitu kilikuwa kitu cha kushikika: swichi za kubofya kwa kidole kizima, mishale inayotetemeka, gia yenye kichwa cha mbao kilicholainishwa na viganja vya watu wasiojulikana. La pili lilikuwa la kijivu, limeinama na kujikunja kama mnyama anayetaka kuruka. Mbele ya dereva palikuwa na kioo cheusi, na Chumvi alipobonyeza kidude, kioo kikawaka rangi zote na kuwasalimia kwa mlio laini.

"Hili la kijani," Chumvi akasema, "lilitoka kiwandani wewe ukiwa bado unavaa sare ya shule. Hili la kijivu lilipotoka, mimi nilikuwa nimeshapata leseni."

"Kwa mara ya ngapi?"

"Mwalimu, ya kale hayanuki."

Baba Pacha alikuwa ameshaingiza kichwa ndani ya la kijani, anapapasa viti. Akatoka anatikisa kichwa kwa heshima. "Hizi nyuzi zimeshonwa na mtu," akasema. "Tazama, hapa aliishiwa uzi, akaunga. Hakuficha."

Bi Klachi alizunguka magari yote mawili, mikono nyuma, kama alivyowazungukia wanafunzi siku ya mtihani. Kisha akasema ataanza na la kijivu, kwa kuwa ndilo analoliogopa.

Jambo la kwanza lililomshangaza ni kwamba mguu wake wa kushoto haukuwa na kazi. Gari halikuwa na klachi. Alikaa, akafunga mkanda, mguu ukatafuta sakafuni huku na kule kama kuku anayetafuta punje, haukupata kitu. Chumvi, aliyekaa kando yake, aliangalia nje asije akacheka.

"Bi Klachi bila klachi," akashindwa kujizuia.

"Nyamaza, nasikiliza injini."

Lakini injini haikusikika. Lilitoka yadini kama mtu anayenyata kwa soksi. Usukani ulikuwa mwepesi. Ungeweza kuuzungusha kwa kidole kimoja. Akigusa mstari wa pembeni, linamlilia. Akimkaribia wa mbele, linamlilia. Hata hivyo lilikuwa tamu, hilo hakuweza kulikana. Alipolikanyaga kidogo kwenye mteremko wa hospitali, mgongo wake ulisukumwa kitini kana kwamba kuna mtu amemkumbatia kwa nyuma, na kabla hajamaliza kushtuka alikuwa ameshafika mzunguko wa barabara.

Mkasa ulitokea karibu na soko. Kijana mwenye mkokoteni wa matenga alichomoza kati ya malori mawili yaliyoegeshwa. Bi Klachi alimwona. Mguu wake wa kulia ulishaanza kuhama. Lakini kabla haujafika kwenye breki, gari lilishajifunga breki lenyewe, mkanda ukambana kifua, na likasimama palepale, likilia na kumulika taa nyekundu. Mwenye mkokoteni akainua mkono wa asante, akapita zake.

"Nani amefunga breki?" Bi Klachi akauliza.

"Lenyewe."

"Mimi nilikuwa nafunga!"

"Najua, Mwalimu. Lilikuwahi."

"Nilikuwa ninafunga, Chumvi! Ningesimama!"

Chumvi akasema kwa upole ambao hakuwa nao zamani, "Mwalimu, ndivyo tulivyokuwa tunakwambia sisi."

Nyuma yao watu walianza kupiga honi. Bi Klachi aliondoa gari, akarudi nalo yadini, na njia nzima alimfikiria mama mmoja aliyewahi kuwa mwanafunzi wake zamani, mwenye duka la vitambaa, mtu mzima wa kuheshimika. Siku moja, kwenye kivuko cha watoto wa shule, Bi Klachi alimkanyagia breki ya akiba. Yule mama akauachia usukani, akalia machozi. "Ningesimama mwenyewe," akasema. Bi Klachi akamjibu, "Ungesimama juu ya mtu." Na mpaka leo aliamini alikuwa na haki, watoto walikuwa wanavuka. Ila hakuwahi kujua ladha yake. Kumbe inauma hata ukiokolewa. Pengine inauma zaidi ukiokolewa, maana huna wa kumgombeza.

La kijani walilijaribu siku ya mapumziko, asubuhi, wakati barabara ya viwandani iko tupu. Safari hii Chumvi aliwapa funguo, akabaki kwenye yadi yake, na Baba Pacha akaketi kando ya mkewe, utepe wa kupimia bado umemning'inia shingoni kwa kusahau.

Gari halikutaka kuwaka. Bi Klachi akavuta choki ya kuamshia injini baridi, akahesabu pumzi, akajaribu tena. Likakohoa, likatema moshi, likakubali. Harufu ya petroli ikajaa. Usukani ulikuwa mzito kama wa trekta mpaka gari lilipoanza kutembea, hapo ukalainika, na kila kijiwe cha barabarani kikapanda kwenye viganja vyake na kujitambulisha. Klachi ilikuwa ngumu, ya kukanyagwa kwa paja zima. Gia ya kwanza. Ya pili. Ya tatu ilikwaruza.

"Klachi kwanza, mwanangu," Baba Pacha akasema.

Bi Klachi akacheka, na akiwa bado anacheka akaona barabara yote mbele yake, pana, imenyooka kati ya kuta za viwanda vilivyofungwa, hakuna mtu, hakuna mwanafunzi, hakuna kibao juu ya paa. Akakanyaga. Injini ikapaza sauti, kioo cha pembeni kikaanza kutetemeka, upepo ukapenya kwenye mpira wa mlango uliochakaa ukapiga mluzi. Kwa kweli hawakuwa wanakimbia sana. La kijivu lingewaacha huku limelala. Lakini mwendo ule ulikuwa wake. Akikosea, amekosea yeye. Akipatia, amepatia yeye. Hakuna mguu mwingine popote. Alisikia kitu kinapanda kifuani, akadhani ni kicheko tena, kumbe machozi.

"Mama Pacha," mumewe akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "ukuta."

Barabara ilikuwa inaishia. Akafunga breki, na la kijani likavuta kushoto kama ng'ombe aliyeona majani. Akalishikilia kwa mikono miwili, akalibembeleza, likasimama mbali ya kutosha na ukuta, lakini si mbali sana. Baba Pacha alikuwa amekanyaga sakafu upande wake kwa nguvu zake zote, mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kukanyaga. Wakatazamana. Wakacheka kama watu wawili waliopona kuumwa na mbwa.

Wakati wa kurudi mji ulikuwa umeamka. Foleni ilianzia darajani. Kukanyaga klachi, kuachia, kukanyaga, kuachia. Goti la kushoto, ambalo kwa miaka yote limekanyaga klachi ya akiba kuokoa injini za watu, likaanza kuwaka moto. Mumewe aliona vidole vyake vilivyong'ang'ania usukani. Walipofika yadini, Bi Klachi alitoka garini kwa kushika mlango kwa mikono yote miwili.

Kesho yake hakuweza kushuka kitandani bila kusaidiwa. Mdogo wake alikuja na dawa ya kuchua, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaliweka goti la dada yake mapajani mwake na kuanza kulikanda kwa vidole gumba, kwa mikono iliyozoea maumivu ya watu.

"Ni lile la kijani lililokufanya hivi?"

"Ndilo."

"Na ndilo unalolitaka."

Mkunga akaendelea kukanda. Kisha akasema, bila kuinua uso, "Dada, siku ile nilicheka, lakini sikuwa nacheka uzee wako. Nilikuwa nimeshapanga. Nilisema moyoni, dada akistaafu atanunua gari la maana, la viti vingi, atakuwa ananipitia alfajiri kunipeleka zahanati. Nimechoka kusimama kituoni gizani na begi la vifaa."

"Ulishaniajiri kabla sijanunua gari?"

"Ndiyo."

"Bila kuniambia?"

"Mtu haambiwi mambo kama hayo. Anapangiwa tu."

Bi Klachi alitaka kukasirika, akakuta hasira haipo. Alimtazama mdogo wake, nywele zilizoanza mvi pembeni, vidole vilivyopokea nusu ya watoto wa mtaa, akasema, "Mimi nimebeba watu miaka yote, mdogo wangu. Nimechoka kubeba."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia sasa, ili nisikupangie tena."

Baada ya hapo Bi Klachi alikaa siku kadhaa na mguu wake juu ya kigoda, dukani kwa mumewe, akitazama watu wanaokuja kupimwa. Mezani lilikuwepo koti la zamani la mteja, ambalo Baba Pacha alikuwa analifumua mishono ili kulipanua.

"Ona," akamwambia mkewe, akimwonyesha kitambaa kilichokunjwa ndani. "Zamani walikuwa wanaacha cha akiba. Mwenyewe akinenepa, unafungua, koti linaendelea. Nguo za siku hizi zimekatwa karibu na uzi. Ikikubana, imekubana, hakuna cha kufungua."

"Kwa hiyo unasema ninunue la kijani."

"Sikusema gari. Nasema koti." Akauma uzi, akaukata. "Halafu hili lenye akiba ni zito. Mwenyewe analalamika mabega yanamuuma."

"Sasa unasema la kijivu."

"Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Mimi ni fundi, Mama Pacha. Nampima mtu kwanza, kitambaa baadaye."

Bi Klachi alilala na neno hilo. Alikuwa amepima magari, kutu na kioo, kelele na ukimya. Hakuwa amejipima yeye. Kama angekuwa na goti la miaka ishirini iliyopita, la kijani angelichukua bila kufikiri mara mbili, angejifunza kulirekebisha, angezeeka nalo. Lakini miaka ishirini iliyopita alikuwa ameketi kiti cha kushoto. Huo ndio uliokuwa uchungu wenyewe, na haukuwa kosa la gari lolote. Alitaka kuendesha, si kulitazama gari uani huku amefunga goti bandeji.

Akaenda kwa Chumvi peke yake, kwa miguu, polepole. Akasema anachukua la kijivu. Chumvi akatabasamu, kisha akaona uso wake, akaacha kutabasamu. Wakati anatayarisha karatasi, Bi Klachi aliingia ndani ya la kijani, akafunga mlango, akakaa. Hakuliwasha. Alipitisha kidole pale kwenye kiti ambapo fundi wa zamani aliunga uzi, akakaa kidogo tena, kisha akatoka.

Hakujuta, ingawa hakuacha kulikumbuka. Barabara ya viwandani aliizoea, na siku za mapumziko asubuhi watu wanaokaa karibu walizoea kuona kitu cha kijivu kinapita kama habari mbaya. Mambo ya kulialia aliyazima yale yanayozimika. Breki ya kujifunga aliiacha. Siku moja ilimfungia kwa sababu ya mfuko wa nailoni uliopeperuka, akaiambia kwa sauti, "Hapo umekosea, rafiki yangu." Siku nyingine ilimfungia kwa sababu ya mtoto na mpira, na siku hiyo hakuiambia kitu, alipaki pembeni mpaka mtoto alipookota mpira wake na kuondoka. Akawa anaishi kwa amani na mguu ule usioonekana. Alijua kazi yake ni ngumu, na kwamba hakuna anayeishukuru.

Mvua za kwanza zilipoanza, mdogo wake alikuja jioni moja, viatu vimelowa, akasimama mlangoni.

"Dada, usinipeleke popote," akasema. "Nifundishe."

"Wewe? Miaka yote nilikuomba ukakataa!"

"Niliogopa klachi. Niliwasikia wanafunzi wako wakisimulia. Sasa hili halina."

Wakaanza wiki ileile. Kwa mara ya kwanza tangu ujana wake Bi Klachi alikaa kiti cha kushoto bila kitu chini ya miguu. Aliikunja miguu nyuma, akafumbata mikono, akauma mdomo. Mkunga aliendesha kwa kuinamia mbele, macho karibu na kioo, akiuminya usukani kama anataka kuukamua. Alipinda kwa upana mno. Alisimama mapema mno. Mara mbili gari lilimlilia, naye akalijibu, "Nimekuona, nyamaza."

"Mbona husemi kitu?" akamuuliza dada yake.

"Naangalia njia."

"Nikikosea utaniambia?"

"Ukikosea utajua."

Walifika njia panda ya kuelekea zahanati. Mkunga akawasha taa ya kukata kona mapema, akasita, akangoja. Nyuma yao lori likapiga honi ndefu, kali, ya kumkata mtu maini. Mguu wa kushoto wa Bi Klachi ulishtuka peke yake, lakini mdomo aliufunga. Mdogo wake hakugeuka. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akatazama kulia tena, na barabara ilipokuwa tupu kabisa ndipo akaingia kwa utaratibu wake.

"Hukuogopa honi ile?" Bi Klachi akauliza.

"Dada, mimi ni mkunga," akajibu, macho mbele. "Nimezoea kupigiwa kelele na watu wenye haraka."